Babu alizaliwa nyumba ya maskini, na baba yake ni mstari tu kwenye cheti

*"Shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Leicester, Uingereza, huu mwaka wa kumi na nne. Mavyaa wangu ana miaka 82 na kuna jambo moja linamkosesha usingizi. Babu yake mzaa baba alizaliwa Februari 1882 katika nyumba ya maskini (workhouse, makao ya umma ya wasio na kitu) ya Lambeth, London. Kwenye cheti cha kuzaliwa mama ameandikwa, mtumishi wa nyumbani, lakini nafasi ya baba imepigwa mstari. Huyo babu alipooa mwaka 1908 alimtaja baba yake: mwendesha gari la farasi, marehemu, na jina la ukoo ni lilelile la mama. Pia jina lake la katikati ni la ajabu, linafanana na jina la ukoo wa watu. Katika familia wanasimulia kwamba baba halisi alikuwa mtoto wa tajiri aliyemwajiri yule mama. Mume wangu anasema tuache, maskini wa zamani hawakuandikwa popote. Mimi nimeshanunua kipimo cha DNA na nafikiria kumpima mwanangu wa miaka 12, maana ni kijana na damu yake bado nzuri. Je, tunaweza kumpata huyo baba? Na huyo mama alikuwa nani hasa?"*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikacheka kidogo hapo kwenye damu ya kijana. Tutafika huko. Kwanza nikuondolee nusu ya mzigo: umeuliza wazazi wawili, lakini anayetafutwa kweli ni mmoja. Mtoto aliyezaliwa ndani ya nyumba ya maskini hakuletwa na upepo. Mama yake alipita langoni kwa miguu yake, akaulizwa jina, umri, dini, kazi na alikolala jana, na mtu akayaandika. Wasiojulikana mama ni watoto waliookotwa barazani au mlangoni mwa kanisa, na hao vyeti vyao husema hivyo waziwazi. Wako si wa namna hiyo. Huyo binti tutampata, na bila shaka tutawapata na wazazi wake. Kwa baba siwezi kukuahidi. Njia zipo, nitakuonyesha ninazoziamini na nisizoziamini.

Mumeo mwambie kwa upole kwamba mambo ni kinyume kabisa na anavyodhani. Uingereza ya karne ya 19, aliyekula kwa jasho lake angeweza kuishi na kufa akiwa ameacha karatasi tatu: kuzaliwa, ndoa na kifo, na sensa kila baada ya miaka kumi. Aliyekula kwa fedha za umma ndiye aliyeandikwa hadi tonge. Nasema tonge kwa maana yake halisi. Daftari la kuingia la nyumba ya maskini lilikuwa na safu ya kuandika mlo wa kwanza ambao mgeni atakula baada ya kuingia, ni cha asubuhi, cha mchana au cha jioni, ili msimamizi asije akadai mkate wa mtu ambaye hakuwepo. Ukishaiona safu hiyo kwa macho yako utaelewa nyaraka hizi zilikuwa za nini. Hazikuwekwa kwa huruma, wala kwa ajili ya wajukuu. Ziliwekwa kujibu swali moja: nani atalipa? Basi na wewe mtafute baba kwa njia hiyohiyo. Ifuate hela.

Nikueleze mtambo wenyewe ulivyokuwa ukizunguka, maana asiyeuelewa huu hutafuta mahali pasipo na kitu. Sheria ya mwaka 1834 iliziunganisha parokia katika miungano, kila mmoja na bodi yake ya walezi wa maskini na nyumba yake. Baadhi ya parokia kubwa za London, Lambeth ikiwemo, zilikuwa na bodi yao zenyewe. Fedha zilitoka kwenye kodi ya majengo ya wakazi wa hapohapo, na wakazi hao ndio waliowachagua walezi, kwa hiyo kila senti ilikuwa na mtu wa kuilalamikia. Kanuni ilikuwa kwamba maisha ndani ya nyumba yasipendeze kuliko ya kibarua hohehahe aliye nje. Wanaume kivyao, wanawake kivyao, nguo za nyumba, kazi za kuchosha.

Lakini haikuwa jela. Aliyetaka kutoka alitoa taarifa akaondoka, na wengi waliingia na kutoka mara nyingi mpaka majina yao yanajaa kurasa. Charlie Chaplin, yule mchekeshaji wa sinema, aliingizwa nyumba ya Lambeth Julai 1898, akiwa na miaka tisa, pamoja na mama yake na kaka yake. Agosti mama akaomba watolewe wote watatu, wakashinda bustani ya Kennington wakila cheri, jioni wakarudi langoni wakaandikishwa upya. Karani alikasirika, lakini aliandika.

Kwa binti wa kazi aliyeshika mimba bila mume, nyumba hii ndiyo iliyokuwa wodi yake ya uzazi. Tumbo likionekana alifukuzwa kazi, kwao pengine mbali au hapamtaki, na hospitali nyingi za uzazi za hisani zilitaka wanawake wenye ndoa. Akaingia wiki chache kabla ya kujifungua, akatoka wiki chache baadaye. Kwa hiyo usimchore mavyaa wako picha ya babu aliyelelewa humo miaka yote. Inawezekana alikaa mwezi mmoja tu, kisha akapelekwa kwa bibi yake kijijini. Sensa ya 1891, akiwa na miaka tisa, itakuambia alikuwa kwa nani. Ukimkuta kwa wazee wenye jina lake la ukoo, hao ndio wazazi wa binti, na pengine yeye mwenyewe alikua akiwaita baba na mama.

Sasa huo mstari. Watu wengi wanausoma kana kwamba mama alisema "simjui". Hapana. Kwa sheria ya 1874, iliyoanza kutumika Januari 1875, jina la baba wa mtoto wa nje ya ndoa halikuruhusiwa kuandikwa isipokuwa yeye mwenyewe awepo mbele ya msajili na kutia sahihi pamoja na mama. Binti angeweza kulitaja jina lake kwa sauti mpaka paa litikisike, msajili angepiga mstari vilevile. Mstari unasema baba hakufika, basi. Kuhusu mama alijua nini, hausemi neno. Na ukitaka kuona upande wa pili, kumbuka ule usemi wetu wa pwani, kitanda hakizai haramu: Waingereza nao walikuwa na sheria hiyohiyo. Mwanamke mwenye mume, hata kama mume kapotea Australia miaka miwili, mtoto kwa kawaida aliandikwa wa mume. Ndiyo maana wakati mwingine mstari ni wa kweli kuliko jina.

Cheti cha ndoa cha 1908 ndicho usichopaswa kukiamini, nacho ndicho kinachowapoteza wengi. Bwana harusi anasimama mbele ya kasisi na wakwe, anaulizwa jina na kazi ya baba. Kusema "sina" ni kujivua nguo hadharani. Basi hutaja baba wa kambo, au babu aliyemlea, au hubuni mtu na kumwua papo hapo: "marehemu". Cha kwako kina alama ya pili ya mashaka, nayo ni jina la ukoo lilelile la mama. Kama baba angekuwa mtu mwingine, kwa nini awe na jina la mama? Hapa kuna jaribio rahisi. Tafuta cheti cha kuzaliwa cha yule binti, uone baba yake alifanya kazi gani. Akiwa mwendesha gari la farasi, kitendawili kimeteguliwa: babu alimtaja babu yake. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma niliwahi kumkimbiza baharia mmoja wa cheti cha ndoa kwa miezi minne, bandari hadi bandari, nikamlipisha mteja nakala chungu nzima. Baharia huyo hakuwahi kuzaliwa. Tangu hapo jina la baba kwenye cheti cha ndoa naliandika kwa penseli.

Twende kwenye karatasi zenye hela ndani yake. Kumbukumbu za bodi ya Lambeth, kama za bodi nyingine za London, ziko London Archives, mtaa wa Clerkenwell, na sehemu kubwa imepigwa picha na kuwekwa kwenye tovuti ya Ancestry. Usikimbilie kulipia, maktaba nyingi za umma Uingereza hutoa tovuti hiyo bure ukiwa ndani ya maktaba. Anza na daftari la kuingia na kutoka kati ya Desemba 1881 na Aprili 1882. Angalia tarehe, alitokea mtaa gani, na aliyemtoa. Kisha daftari la imani, ambalo nyumba zote zilitakiwa kuwa nalo tangu mwisho wa miaka ya 1860. Jina linapotosha, watu huliruka wakidhani ni mambo ya dini tu, kumbe mara nyingi lina jina na anwani ya ndugu wa karibu. Ndugu huyo anaweza kuwa dada aliyeolewa, na jina lake jipya la ukoo likakufungulia mlango mzima.

La tatu, na ndilo tamu, ni mahojiano ya makazi ya kisheria. Kila maskini alikuwa na parokia yake kwa sheria, na Lambeth haikutaka kumlisha mtu wa parokia nyingine. Kwa hiyo karani alimkalisha mtu akamhoji: ulizaliwa wapi, baba yako nani, ulifanya kazi kwa nani, muda gani, mshahara kiasi gani, ukaondoka lini. Mtoto wa nje ya ndoa alifuata makazi ya mama yake, kwa hiyo mahojiano ya mama ndiyo pia ya mtoto. Na tangu sheria ya zamani kabisa ya 1601, wazazi na babu wenye uwezo walidaiwa matunzo ya maskini wao, hivyo karani alikuwa na sababu nzuri ya kuwasaka. Nimewahi kushika karatasi ya namna hiyo iliyojaa waajiri wanne wa msichana wa miaka 21, kila mmoja na namba ya nyumba. Hakuna mke wa tajiri wa enzi hiyo aliyeandikiwa maisha yake hivyo.

Baba mwenyewe anaweza kutokea mahakamani. Kwa sheria ya 1872 mama aliweza kumshtaki mwanamume kabla ya kujifungua au ndani ya miezi 12 baada ya hapo, na hakimu aliweza kuamuru alipe hadi shilingi 5 kwa wiki. Piga hesabu: ni paundi 13 kwa mwaka, karibu mshahara mzima wa mtumishi mdogo. Neno la mama peke yake halikutosha, ilibidi pawe na ushahidi mwingine unaolithibitisha: barua, shahidi aliyewaona wakitembea pamoja, fedha aliyowahi kumpa. Bodi ya walezi nayo, ikishamlisha mama na mtoto, ilikuwa na haki ya kumfuata huyo baba irudishiwe gharama, na jambo hilo linaweza kuonekana kwenye kumbukumbu za vikao vyake. Kesi hizi magazeti yalizipenda. Kwa hiyo pekua magazeti ya kusini mwa London, kuanzia vuli ya 1881 hadi mwanzoni mwa 1883, kwa jina la ukoo la binti. Usishangae usipopata kitu. Wanaume wengi walilipa kimyakimya au walitoweka, na wasichana wengi hawakuthubutu kwenda mbele ya hakimu.

Kuna bahati moja ambayo nadhani hujaiona, nami nilipoiona niliinuka kitini. Mtoto kazaliwa Februari 1882. Rudi nyuma siku 266 hivi, unaangukia Mei 1881 au siku za kwanza za Juni. Sensa ya Uingereza ilifanyika usiku wa Aprili 3, 1881. Yaani wiki tano hadi tisa kabla ya mimba kuingia, karani wa serikali alipita nyumba kwa nyumba akaandika kila aliyelala humo: bwana, bibi, watoto, wapishi, watumishi, wapangaji, kila mmoja na umri wake na mahali alipozaliwa. Faharasa ya sensa hiyo inatafutika bure kwenye tovuti ya FamilySearch. Mtafute binti. Ukimpata jikoni kwa watu, una orodha ya wanaume waliolala chini ya paa moja naye majira yale. Linganisha na cheti cha mtoto, kwa sababu vyeti vya watumishi mara nyingi vinataja na mtaa waliotoka.

Lakini orodha si hukumu. Binti angeweza kubadilisha kazi mwezi huo wa Aprili. Na mwanamume wake angeweza kuwa muuza maziwa, askari, au kijana aliyemjua tangu kwao. Hadithi ya mtoto wa tajiri nimeisikia katika familia nyingi mno, nami sikuikuta kweli mara nyingi. Ni hadithi inayowafariji watu: kama aibu haina budi kuwepo, basi iwe aibu ya kitajiri. Katika barua yako ninachokithamini zaidi ni lile jina la katikati. Mama aliyezuiwa kumtaja baba kwenye safu ya baba aliweza kumficha ndani ya jina la mtoto, na hilo msajili hakuwa na mamlaka ya kulikataa. Umeniandikia jina lenyewe, sitaliweka hapa. Litafute kwanza kwenye nyumba ile ya sensa, kisha majirani, kisha kijiji alikozaliwa binti. Kabla hujashangilia, hakikisha si jina la ukoo la bibi yake mzaa mama, maana hiyo nayo ilikuwa desturi.

Nikupe mfano mmoja unaotuhusu na sisi. Yule Stanley aliyepita Zanzibar na Bagamoyo mwaka 1871 akimfuata Livingstone hadi Ujiji, ambaye Wakongo walimbandika jina la Bula Matari, alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841 akiitwa John Rowlands. Kitabu cha ubatizo kilimwandika mwana haramu bila kuzungukazunguka, na mwaka 1847 akatupwa nyumba ya maskini ya St Asaph. Wachunguzi wa maisha yake wamebishana hadi leo: baba ni huyo John Rowlands aliyempa jina, au ni mwanasheria mmoja wa mji huohuo? Mtu maarufu kiasi hicho, na karatasi zimegoma. Nakutajia ili ujue kwamba kuna kesi ambazo karatasi hufika mahali zikasimama.

Zikisimama, ndipo kipimo chako kinapoingia. Kwanza mrudishe kijana shuleni akasome. DNA haizeeki kwa namna hiyo, ya bibi wa miaka 82 inasomeka sawa na ya mtoto. Kinachopungua ni fungu. Kila mzazi humpa mtoto nusu ya alichonacho, nusu iliyochanganywa kama karata, na nusu nyingine haimfikii. Huyo mwanamume asiyejulikana ni baba wa babu wa mavyaa wako, kwa hiyo mavyaa amebeba wastani wa asilimia 12.5 kutoka kwake. Mumeo amebaki na kama 6.25, na mwanao takriban 3. Unataka kutafuta sindano, kwa nini ukatafute kwenye chumba chenye taa ndogo? Apimwe mavyaa, tena mapema, kwa ridhaa yake. Akiwa na ndugu wa tumbo moja au binamu wa upande wa baba, nao waombwe, kwa sababu kila mmoja amerithi vipande tofauti.

Na hapa una turufu nyingine. Mavyaa ana kaka? Au mtoto wa kiume wa kaka? Huyo mwanamume wa 1881 alimpa kromosomu Y mwanawe, aliyempa mwanawe, ambaye ni baba wa mavyaa, aliyempa kaka yake mavyaa, karibu bila kubadilika. Mumeo hanayo, kwa kuwa amekuja kupitia mama. Waingereza hurithi jina la ukoo kwa baba kama kromosomu hiyo inavyorithiwa, kwa hiyo kipimo cha Y kinaweza kuwakutanisha na watu wenye jina moja la ukoo. Likiwa ndilo lile jina la katikati la babu, mtakuwa mmekaribia sana. Ni kipimo tofauti na hicho ulichonunua, na ni ghali zaidi, basi kisubirishwe.

Matokeo ya mavyaa yakija, zile asilimia za rangirangi, Muayalandi kiasi hiki na Mnorwei kiasi kile, ziangalieni mcheke kisha mzifunge. Kazi iko kwenye orodha ya watu wanaofanana naye. Kipimo cha kufanana ni sentimogani: binamu wa pili, yaani wajukuu wa ndugu wawili, wana wastani wa kama 230, wa tatu, yaani vitukuu vyao, kama 73, na mkiwa mmechangia babu mmoja badala ya babu na bibi, gawa kwa mbili. Huko ndiko mtakakoangukia na wajukuu wa watoto wa ndoa wa huyo mwanamume, kama alikuwa nao. Wagawe watu kwa makundi, wanaofanana na mavyaa na pia wao kwa wao. Kundi hili ni la mama yake, hili la bibi yake, hili la yule binti wa Lambeth kupitia ndugu zake. Likibaki kundi lisilo na mwenyewe, ndilo hilo. Jenga miti ya ukoo ya watu wa kundi hilo kwenda juu mpaka ikutane kwa mume na mke mmoja, kisha shuka ukitafuta mwanamume aliyekuwa London Mei 1881. Hifadhi kubwa zaidi ya watu waliopimwa ni ya Ancestry na haipokei matokeo ya kampuni nyingine, kwa hiyo kama hujafungua kisanduku ulichonunua, angalia ni cha nani. Ukianzia huko unaweza baadaye kupeleka faili lako GEDmatch, tovuti ya kulinganisha DNA za kampuni mbalimbali, bila kupima tena.

Mjue na mipaka. DNA inaweza kuwafikisha kwa ndugu watatu wa kiume wa baba mmoja ikashindwa kuchagua, labda sensa ichague, labda isichague. Mkimwandikia mtu wa kundi lile, msianze na "babu yenu alimtia mimba mtumishi wetu". Semeni mnatafuta ukoo wa Lambeth miaka ya 1880, muulize kama ana mti. Adabu ya pwani inafanya kazi vizuri sana katika barua hizi.

Mahali pa kutafuta mtu wa ana kwa ana ni patatu. Mwandiko ukikushinda au daftari likionekana halipo, muone mhifadhi wa nyaraka mwenyewe, sio mtandao. Treni ya Leicester inashuka St Pancras, Clerkenwell ni mwendo wa miguu, na kuingia ni bure. Makundi ya DNA yakikuchanganya baada ya miezi miwili mitatu, mlipe mtafiti kwa saa chache, awe mwanachama wa AGRA, chama cha watafiti wa nasaba, mkubaliane bei kabla. Na la tatu sipendi kulitaja lakini nitalitaja: kipimo hakichagui kizazi cha kufichua. Unaweza kutafuta siri ya 1881 ukakutana na ya 1943. Mavyaa akiona kwamba watu wa upande wa baba yake hawafanani naye kabisa, usimwachie simu mkononi usiku. Kaeni naye, na mtafute mshauri aliyezoea mambo haya. Muulize sasa, kabla ya kutema mate kwenye kichupa: akijua lisilopendeza, angependa kuambiwa? Akisema hapana, muishie kwenye karatasi.

Cheti kiangalie tena kwenye safu ya mahali pa kuzaliwa. Lambeth wakati huo ilikuwa na nyumba mbili, ya Princes Road na ya Renfrew Road. Ikiwa ni Renfrew Road, jengo lake la ofisi bado limesimama, leo ni makumbusho ya sinema. Ulizeni siku wanazofungua, mwende na mavyaa. Pale mbele ndipo watu walipoandikishwa.